Shemeji, Usiinuke Kitandani!

Msomaji mpenzi, kuna sinema za kuchekesha ambazo ukizima televisheni tu umekwisha kuzisahau. Kuna nyingine chache ambazo kicheko chake hukwama kooni kama mwiba wa samaki. Jumapili hii nataka tuzungumze kuhusu moja katika hizo chache. Jina lake ni The Fortune Cookie, yaani biskuti ya bahati, na ilitolewa Marekani mwaka wa 1966. Huko Uingereza iliitwa Meet Whiplash Willie, kwa hivyo mzee wa jirani akikwambia aliwahi kuiona kwa jina hilo, usibishane naye. Ni ile ile.

Ni sinema ya rangi nyeusi na nyeupe. Najua watoto wa siku hizi wakiona picha isiyo na rangi hununa na kuuliza kama televisheni imeharibika. Wape dakika kumi tu, kisha utaona nani atakuwa wa kwanza kunyamazisha wenzake.

Kisa chenyewe kinaanza katika uwanja wa michezo wa mji wa Cleveland, jimbo la Ohio. Timu ya Cleveland Browns inachuana na Minnesota Vikings katika ule mpira wa Kimarekani unaofanana kidogo na raga, ambapo majitu yaliyovaa kofia ngumu na mabega ya bandia hutimuana huku mmoja wao ameukumbatia mpira kama mama aliyekumbatia mwana. Ukingoni mwa uwanja amesimama Harry Hinkle, mpiga picha wa shirika la televisheni la CBS, anafanya kazi yake. Mchezaji mmoja, Luther Jackson, ambaye mashabiki wamembandika jina la Boom Boom, anachomoka na mpira, anatoka nje ya mstari kwa kasi, na kumvaa Harry mzima mzima. Harry anapinduka juu ya turubai lililoviringishwa kando ya uwanja na kuzirai.

Anapozinduka hospitalini hana neno. Kichwa kinamgonga kidogo, basi. Anataka nguo zake aende nyumbani akalale. Lakini mlangoni amekwisha kusimama shemeji.

Naam, shemeji! Willie Gingrich, mume wa dada yake Harry, ni wakili. Si wakili wa kesi kubwa kubwa. Ni wa aina ile inayofuata magari ya kubebea wagonjwa kama mwewe afuatavyo vifaranga. Mjini wamempa jina la Whiplash Willie, na jina hilo lina maana yake. Whiplash ni lile jeraha la shingo linalompata mtu anapotikiswa ghafla, kama vile gari linapogongwa kwa nyuma. Ni jeraha la kweli, na aliyelipata huteseka. Ila aghalabu halionekani katika picha ya eksirei, na daktari hana budi kutegemea maneno ya mgonjwa mwenyewe. Sasa mpe jeraha la namna hiyo wakili asiye na haya, kisha uone atakavyolilima kama shamba.

Gingrich anamtazama shemejiye pale kitandani, na kile anachokiona si mgonjwa. Anaona dola milioni moja. Atalishtaki shirika la CBS, ataishtaki timu ya Browns, atawashtaki na wenye uwanja. Harry anatakiwa kufanya jambo moja tu: kulala kitandani na kusema kwamba mguu wake hausikii kitu.

Harry anakataa. Hili nataka ulishike, msomaji, kwa sababu bila hilo kisa chote kingekuwa cha wezi wawili. Harry si mlaghai. Ni mtu wa kawaida, mpole, mfanyakazi, ambaye mke wake Sandy alimwacha akaenda New York kutafuta umaarufu wa uimbaji, na ambaye moyo wake ungali umefungwa kwa kamba kwa mwanamke huyo. Gingrich anaijua kamba hiyo. Kumbe Sandy amesikia habari za ajali na amepiga simu kuulizia hali. Basi shemeji ananong'ona: huenda akarudi. Hapo Harry analegea. Si tamaa ya pesa iliyomwingiza mtegoni. Ni upweke.

Mbinu za shemeji zinastahili kutazamwa kwa makini, maana mwandishi wa kisa hiki alizipanga vizuri kama fundi wa saa. Kwanza, kila uongo wake umepandwa juu ya kipande cha ukweli. Harry aliwahi kuumia uti wa mgongo alipokuwa mtoto, na kovu la jeraha hilo bado linaonekana kwenye eksirei. Je, daktari atajuaje kama ni la miaka mingi iliyopita au la Jumapili iliyopita? Pili, mabingwa wa kampuni ya bima wanapokuja na sindano zao kumchoma Harry wapate kujua kama kweli ana ganzi, Gingrich amekwisha kumtangulizia mtu wake wa mashaka aliyemdunga dawa ya kufisha hisi. Wanachoma, naye Harry hashtuki. Hata kudanganya hahitaji!

Miongoni mwa mabingwa hao yumo profesa mmoja mzee asiyeamini chochote. Anasikitika kwamba zamani mambo yalikuwa rahisi: mtu akidai amepooza, alitupwa kwenye shimo la nyoka, akipanda na kutoka, basi alikuwa mwongo. Wenzake wanamuuliza, je, asipotoka? Mzee anajibu kwa utulivu kwamba hapo watakuwa wamempoteza mgonjwa, lakini wamempata mtu mwaminifu. Nimeiona sehemu hiyo mara nyingi na bado hunivunja mbavu.

Kampuni ya bima nayo si ya kulala. Inamwajiri mpelelezi wa kibinafsi, bwana mnene aitwaye Purkey, ambaye anakodi chumba katika jengo linalotazamana na nyumba ya Harry, anasimika kamera dirishani, na kutega vinasasauti ndani ya nyumba. Harry akiinuka tu kutoka kwenye kiti cha magurudumu, amekwisha. Na hapa pana jambo lililonifurahisha zaidi ya vichekesho vyote. Harry ni mtu ambaye maisha yake yote ameyatazama maisha ya wengine kupitia kioo cha kamera. Sasa yeye ndiye anayetazamwa. Anakula akitazamwa, anazungumza akisikilizwa, na nyumba yake mwenyewe imegeuka uwanja.

Lakini hadi hapa bado hatujafika penye mwiba.

Mwiba ni Boom Boom. Kijana huyu, Mmarekani mweusi aliyeigizwa na Ron Rich, anaamini kwamba amemlemaza mtu. Hakuna aliyemwambia vingine. Anafika hospitalini, anafika nyumbani, anapika, anafagia, anamsukuma Harry kwenye kiti chake, anamshughulikia kama ndugu wa damu. Harry anaona haya, anajaribu kumzuia, na Gingrich anamfinya anyamaze. Wiki zinapita. Kijana anaanza kuangusha mipira uwanjani, mashabiki wanamzomea, anajitupa kwenye pombe, anaingia katika ugomvi wa baa. Mchezaji aliyekuwa fahari ya mji anaporomoka mbele ya macho ya mtu pekee ambaye angeweza kumponya kwa sentensi moja. Na mtu huyo ameketi kwenye kiti cha magurudumu asichokihitaji, akila chakula kilichopikwa na kijana huyo huyo.

Wengi wetu tukizungumza habari za bima husema hivi: kwani kampuni ni mtu? Ina majumba marefu, ina mapesa yasiyohesabika, tukiichota kidogo nani atalia? Wanafunzi wa sheria watakujibu kwa vifungu. Sinema hii inajibu kwa kukuonyesha sura ya kijana anayelia, na kijana huyo hakukata bima yoyote wala hana hisa katika kampuni yoyote. Gingrich alilenga kampuni, risasi ikampata aliyekuwa amesimama kando.

Nasi Wakenya hatuhitaji kwenda Cleveland kumtafuta Gingrich. Sheria yetu inamlazimisha kila mwenye gari kukata bima ya kuwalinda watu wengine, wakiwemo abiria wa matatu, na hilo ni jambo jema kabisa. Lakini ni nani katika mji huu ambaye hajasikia kisa cha matatu ya viti kumi na vinne iliyopata ajali ndogo, kisha madai ya fidia yakapelekwa na abiria ishirini na kitu? Ni nani hajasikia watu wakiitwa kando ya barabara watoe majina yao, ilhali walikuwa nyumbani wakinywa chai gari lilipogonga? Kampuni ya United Insurance, iliyokuwa na bima za matatu nyingi, iliwekwa chini ya msimamizi mwaka wa 2005. Blue Shield ikafuata mwaka wa 2011. Sababu za kuanguka kwa kampuni ya bima huwa ni nyingi, na si haki kuwatwika walaghai mzigo wote. Lakini fikiria yule abiria aliyevunjika mguu kwelikweli, akashinda kesi yake mahakamani, na alipokwenda kuchukua fidia akakuta mlango umefungwa. Huyo ndiye Boom Boom wetu.

Tuirudie sinema. Aliyeitunga na kuielekeza ni Billy Wilder, akisaidiana na mwandishi mwenzake wa miaka mingi, I.A.L. Diamond. Wilder alizaliwa mwaka wa 1906 katika milki ya Austria na Hungary, mahali ambapo leo ni Poland. Alikuwa mwandishi wa magazeti Vienna na Berlin, na huenda ndiko alikojifunza kuwanusa walaghai. Kwa kuwa alikuwa Myahudi, alitoroka Ujerumani Hitler alipotwaa mamlaka mwaka wa 1933, akafika Marekani akiwa hajui Kiingereza cha maana. Mama yake aliyebaki Ulaya aliuawa na Manazi. Mtu huyo huyo ndiye aliyekuja kuwachekesha Wamarekani kwa Some Like It Hot mwaka wa 1959 na The Apartment mwaka wa 1960.

Wala hii haikuwa mara yake ya kwanza kuchokoza mambo ya bima. Mwaka wa 1944 alitoa Double Indemnity, kisa cha wakala wa bima anayeshirikiana na mke wa mtu kumuua mume ili walipwe fidia maradufu. Hiyo haina kicheko hata kidogo. Ukipata nafasi zitazame zote mbili, usiku wa kwanza ile ya damu na wa pili hii ya mizaha, uone jinsi mtu mmoja alivyoipindua nguo ile ile ndani nje. Katika ile ya kwanza yumo mkuu wa madai, aliyeigizwa na Edward G. Robinson, ambaye hunusa uongo kwa tumbo lake. Katika hii ya pili kampuni inamtegemea Purkey na waya zake. Mimi ningemwajiri yule mzee wa tumbo.

Harry ameigizwa na Jack Lemmon, na kazi yake ilikuwa ngumu kuliko inavyoonekana, kwani sehemu kubwa ya sinema ameketi au amelala. Imembidi achekeshe kwa macho na shingo. Lakini mwenye sinema, tusifichane, ni Walter Matthau katika umbo la shemeji. Anatembea ameinama mbele kana kwamba amesikia harufu ya noti chini ya zulia. Sauti yake ni ya mtu anayelalamika hata anapopongeza. Unajua ni mwovu, na bado unatamani arudi kila anapotoka chumbani. Hii ndiyo hatari ya Gingrich, na ndiyo hatari ya walaghai wote wazuri: wanapendeza.

Matthau alishikwa na ugonjwa wa moyo kazi ya kupiga picha ikiendelea, na shughuli zote zikasimama kwa wiki kadhaa. Wilder angeweza kumtafuta mwingine, kama ilivyotokea mwaka wa 1964 mwigizaji Peter Sellers alipougua moyo katika sinema yake nyingine. Mara hii alisubiri. Matthau aliporudi alikuwa amekonda mno, ikabidi wamvalishe koti zito jeusi watazamaji wasigundue kwamba Gingrich wa mwanzo si kipande kimoja na Gingrich wa mwisho. Kusubiri kulilipa: sinema iliteuliwa kwa tuzo nne za Oscar, na moja iliyoshinda ilikuwa ya Matthau, mwigizaji msaidizi bora. Siku ya kuipokea mwaka wa 1967 alifika amejeruhiwa usoni na mkono umefungwa, kwa kuwa alikuwa ameanguka na baiskeli. Ungedhani yu bado kazini na Gingrich.

Hii ndiyo iliyokuwa sinema ya kwanza ya Lemmon na Matthau pamoja. Baadaye walikuja kuwa kama chai na mandazi: The Odd Couple mwaka wa 1968, Grumpy Old Men mwaka wa 1993, na nyingine kadhaa. Matthau alifariki mwaka wa 2000, Lemmon mwaka wa 2001 na Wilder mwaka wa 2002, na wote watatu wamezikwa katika makaburi mamoja huko Los Angeles.

Kasoro hazikosekani. Sinema imegawanywa katika sura 16, kila moja na kichwa chake kama kitabu, na ziko mbili tatu katikati ambazo zingepunguzwa bila mtu kulalamika. Dakika 125 ni nyingi kwa mzaha. Sandy amechorwa vibaya, mwanamke wa tamaa tupu, na mwishoni anatendewa jambo la dharau ambalo ukiketi na binti zako utalazimika kulizungumza. Na Boom Boom? Ni mwema kupita kiasi. Hana hasira na mtu, hana shaka, hana hata siku moja ya kuchoka na mgonjwa wake. Mwaka huo huo wa 1966, mwezi wa Julai, mtaa wa Hough katika mji huo huo wa Cleveland uliwaka moto kwa ghasia za watu weusi waliochoshwa na ubaguzi, na watu wanne wakauawa. Mwaka uliofuata mji ukamchagua Carl Stokes, meya wa kwanza mweusi wa mji mkubwa Marekani. Katika sinema hutausikia sana mngurumo wa mambo hayo. Unasikika mara moja tu, lakini mara hiyo moja inatosha, nami nitaieleza sasa hivi. Kama wewe ni mtu asiyependa kuambiwa mwisho, iweke kando makala hii na usiguse aya zilizobaki.

Haya. Kampuni imesalimu amri, na hundi ya dola 200,000 imeletwa nyumbani. Sandy amerudi, kwa sababu alizokuwa nazo tangu mwanzo. Gingrich anakaribia kuota mabawa. Purkey naye amekuja kukusanya vinasasauti vyake, ameshindwa, ila bado ana karata moja. Anaanza kumsema Boom Boom. Anatamka maneno ya dharau dhidi ya watu weusi, polepole, huku akimtazama Harry usoni. Ni mtego, na Harry anajua ni mtego. Hundi iko mezani. Anachotakiwa kufanya ni kukaa tu kama alivyokaa wiki zote hizo.

Anainuka na kumpiga ngumi.

Kisha anafanya kile ambacho mpiga picha pekee angekifikiria. Anamgeukia yule msaidizi wa Purkey aliye na kamera ng'ambo ya barabara na kumuuliza kama mwanga ulitosha. Anawasha taa na kumpiga Purkey mara ya pili, picha ipate kutoka safi. Halafu anaruka, anapinduka, anabembea, viungo vyote vikifanya kazi. Mtu aliyewindwa na kamera kwa wiki nzima nzima ameishika kamera hiyo na kuifanya shahidi wake. Na shemeji? Gingrich hakawii hata nukta moja. Papo hapo anajifanya ameshtuka, eti hakujua lolote, na anatangaza kwamba ataishtaki kampuni kwa kuingilia maisha ya watu faraghani. Mbwa wa msasi haachi kunusa.

Kwenye biskuti ya bahati, ile ambayo migahawa ya Kichina ya Marekani humpa mlaji mwishoni ikiwa na kikaratasi ndani, Harry alikuwa amepata yale maneno yanayonasibishwa na Abraham Lincoln, kuhusu kuwadanganya watu wote kwa muda na baadhi yao milele. Watu wengi huifasiri sinema kwa kikaratasi hicho. Mimi naona Wilder alikiweka kama changa la macho. Hakuna aliyemkamata Harry. Madaktari walishindwa, kamera zilishindwa, mawakili walishindwa. Angeweza kuwadanganya wote, na alikuwa amekwisha kufaulu.

Anatoka mle ndani akimwacha Sandy, anakwenda uwanjani usiku. Boom Boom yuko huko, amekwisha kukata tamaa na mpira, anataka kwenda kufanya mieleka ya maonyesho. Anamwona Harry akija kwa miguu yake mwenyewe. Hawazungumzi sana. Wanaanza kurushiana mpira, mmoja anakimbia, mwingine anadaka, katikati ya maelfu ya viti vitupu. Uwanja wenyewe haupo tena. Walianza kuubomoa mwaka wa 1996. Lakini katika sinema taa chache bado zinawaka, na wale wawili wangali wanakimbia.